Kahawa ya Babu, Joto la Vifaranga

Wazee wengine wakihamia Kibamba wanafuga kuku. Wengine wanapanda michungwa, halafu wanakaa kwenye kiti cha plastiki kuisubiri, kana kwamba michungwa ina haraka na mtu. Babu yangu alinunua mashine ya espreso ya mtumba, akaiweka juu ya meza ya jikoni ya Mama, akavaa miwani, akachukua bisibisi na kuanza kuifungua kabla hata hajaonja kahawa yake.

"Babu, imeharibika?"

"Haijaharibika. Haijakaa sawa tu."

Hiyo ndiyo akili niliyorithi mie.

Niseme mapema, asije mtu akanihukumu: kwetu mjukuu ana ruhusa ya kumtania babu yake. Mama nikimjibu neno moja tu, napata kofi la kunirudisha darasa la pili. Babu namwambia chochote, na yeye ananiambia chochote. Ndivyo watu wa pwani tulivyogawana heshima humo ndani. Kwa hiyo nikisema kwamba kwenye mambo ya ile mashine Babu alikuwa mjinga wa daraja la kwanza, huo si utovu wa adabu. Ni haki yangu ya kuzaliwa.

Chanzo cha yote ni Magomeni. Babu alizaliwa Magomeni, akaoa Magomeni, akazeekea Magomeni kwenye nyumba ya urithi, na nje ya nyumba hiyo, kona ya pili tu, kulikuwa na kijiwe cha kahawa. Ndugu zake walipotaka kila mtu fungu lake, nyumba ikauzwa. Babu akahamishiwa kwetu Kibamba, pembezoni kabisa mwa Dar, kwa Mama, binti yake, ambaye alijenga huku kwa sababu huku ndiko viwanja vilikobaki. Kitanda chake kilikuja kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo. Kabati lilikuja. Redio ilikuja. Kijiwe hakikuja.

Kijiwe chenyewe nilikuwaga nakiona nikienda kumsalimia, na kusema kweli hakikuwa kitu cha kumliza mtu. Benchi moja bovu, birika juu ya mkaa, na wazee watatu wa kukaa na Babu. Mmoja ni Mzee wa Duka, Mwarabu wa Magomeni anayeuza viungo kwenye duka lililokuwa la baba yake na la babu yake, na harufu ya bizari haimtoki hata akitoka kuoga. Mwingine ni Mzee Cherehani, mshona kanzu, anayecheka kabla mzaha haujaisha. Wa tatu nilimpa jina mwenyewe: Mzee Haiwezekani. Ukimwambia jua limetoka, anakwambia haiwezekani, leo alisikia litachelewa. Wanne hawa walikuwa wakinywa kahawa chungu na kutukanana kuanzia Alasiri mpaka Magharibi, kila siku ya Mungu, tangu kabla Mama hajazaliwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Nyingine zote alizowahi kufanya Babu zilikuwa vibarua.

Kibamba hakuna wa kumtukana. Majirani zetu wengi ni watu wa bara, wana adabu mpaka inakera. Wanampa shikamoo, wanapita. Mzee akipewa shikamoo kutwa nzima bila kutukanwa hata mara moja, anaanza kunyauka. Babu alinyauka. Alikuwa anapiga simu Magomeni, na wenzake wanamjibu, "Tutakuja inshallah," ile inshallah ya mtu ambaye ameshavua viatu na kulala.

Basi Babu akakaa akafikiri, na kila anapokaa kufikiri mtu mwingine huwa anapata hasara. Akaamua kwamba hawaji kwa sababu hakuna cha kuwaleta. Akiwapa kahawa ambayo Magomeni hawaioni hata kwenye ndoto, watakuja kila Jumapili, na kijiwe chote kitahamia kwenye baraza la Mama. Hicho tu ndicho alichokuwa anakitaka: wazee watatu, baraza moja, kila Jumapili. Malengelenge ya vidole, ugomvi na Mama, mimi kufagia uwanja wa shule, vyote vilivyofuata vilikuwa kwa ajili ya hicho.

Kahawa ya kwanza aliitengeneza kwa maji ya kisima. Hapa lazima nipumzike kidogo nicheke. Kila mtoto wa Kibamba anajua kwamba maji ya kisima chetu yana chumvi: ni ya kuoga na kufulia, na ya kunywa yananunuliwa kwa dumu. Babu, ambaye maisha yake yote alifungua bomba la Magomeni na kukinga, akafungua bomba la Kibamba na kukinga. Akanipa kikombe. Ilikuwa kama machozi ya mtu aliyekunywa kahawa.

"Vipi?" akaniuliza.

"Babu, kwani nani kafa?"

Akalaumu mashine, siyo maji. Akaifungua tena, akakuta ndani imeota ukoko mweupe, akachemshia siki humo humo mpaka nyumba nzima ikanuka kachumbari. Siku ya tatu ndiyo Mama akamwonyesha dumu. Babu akasema alikuwa analijua, alitaka tu kuona kama sisi tunalijua.

Halafu ukaja ubunifu. Mashine ilitoka Dubai kwenye kontena la vitu vilivyotumika, na ubavuni imeandikwa kwa majigambo kwamba pampu yake ina presha ya kumi na tano. Babu akaangalia video mtandaoni, Mzungu mmoja mwenye ndevu za mbuzi akamwambia kahawa nzuri inataka tisa. Akatafuta ndani ya mashine kijivalvu chenye springi, akaanza kuilegeza kidogo kidogo. Yaani mtu mzima ananunua kitu chenye nguvu, halafu anatumia uzee wake wote kukipunguza nguvu. Nilimwambia hivyo hivyo.

"Wewe shule unasoma nini?"

"Fizikia, Babu."

"Mwambie mwalimu wako naye arudi shule."

Ili ajue amefika tisa alihitaji saa ya kupimia presha. Jirani yetu ni fundi majokofu ambaye pia anafuga kuku, maana huku kila mtu ana kazi moja na kuku. Akamwazima saa anayopimia gesi ya friji. Babu akaifunga kwenye mdomo wa mashine kwa mpira, na kwa siku kadhaa jiko letu likawa wodi: mgonjwa yuko mezani, mpira umemtoka mdomoni, na wazee wawili wamesimama juu yake wanatikisa vichwa. Fundi majokofu mwenyewe hakuwa anaelewa kitu. Alikuwa anakuja kwa sababu Babu anampa maandazi.

Presha ilipokaa, akagundua kwamba kile kichujio kinachoshika unga wa kahawa ni cha uongo. Kina tundu moja dogo chini, kazi yake ni kutengeneza povu hata ukiweka vumbi la chaki. Alichukia kama mtu aliyeuziwa mkufu wa bati. Akaagiza kichujio cha wazi chenye matundu mengi, na hakuishia hapo. Akachukua msumeno wa chuma, akakata chini ya kishikio ile midomo miwili inayomwaga kahawa, ili aione inavyotoka.

"Ya nini kuiona?"

"Kahawa ikiwa uchi haiwezi kudanganya."

Mama alikuwa sebuleni. Nikamsikia anasema, "Astaghfirullah."

Kahawa ikiwa uchi inarusha. Asubuhi moja Babu alikandamiza unga vibaya, upande mmoja mgumu, upande mmoja laini, na kahawa ikachomoka ubavuni kama kisambaza-maji. Mie nilikuwa nimesimama hapo hapo nimeshavaa shati la shule na mtandio mweupe, namdharau. Nilifika shule na madoa kuanzia kidevu mpaka mfukoni. Mwalimu wa zamu akaniuliza nimeangukia tope la wapi, na mvua ilikuwa haijanyesha. Nikamwambia ukweli kwamba nimepigwa na kahawa. Nikafagia uwanja.

Unga alikuwa anautwanga kwenye kinu, kwa sababu mashine ya kusagia ingekuwa mtumba mwingine na Mama alishasema mtumba mmoja unatosha. Anatwanga, anachekecha kwa chekecheo la Mama la unga wa ngano, anatwanga tena. Ukiwa mzito kahawa inamwagika kama mkojo wa ng'ombe, ukiwa laini mno mashine inanguruma na haitoi kitu. Wiki nzima tulikula maandazi ya kijivu.

Lakini ugonjwa wenyewe hasa ulikuwa joto. Ile mashine haikuwa na msimamo: mara inaunguza, mara inatoa vuguvugu la maji ya kunawia. Fundi majokofu, mdomo umejaa andazi, akasema mbona kwenye kiangulio chake cha mayai kuna kifaa kidogo, unakipangia joto na hakiruki. Anacho cha akiba. Babu akamwangalia kama anayeona mwezi wa Idi.

Hivyo ndivyo kifaa cha kuangulia vifaranga kilivyofungwa kwenye mashine ya kahawa ya Babu. Kisanduku kina namba nyekundu na waya unaoingia tumboni mwa mashine. Wakati anakifunga umeme ulimrusha mara moja, akakaa chini, akasema, "Sawa, huo siyo." Vifaranga wanataka thelathini na saba na kidogo, Babu akakipandisha mpaka tisini na tatu. Na kifaa kina mlio. Kwenye kiangulio mlio ule maana yake ni kimbia, mayai yanaiva. Kwetu ukawa na maana kwamba kahawa tayari. Tatizo fundi majokofu naye alikuwa anausikia kupitia uzio, na miguu yake haikuelewa tofauti. Kila Babu akipika kahawa, jirani anatoka nduki na taulo kwenda kuokoa mayai.

Siku ile ya kwanza ya tisini na tatu Babu alinipa kikombe. Nilitaka sana kiwe kibaya. Nilikuwa nimeshaandaa na maneno. Nikaonja, na kilikuwa kizuri, kizito, uchungu usiokwaruza koo, na mwishoni kitu kitamu kama ganda la mkate lililoungua kidogo. Nikainamisha uso ili asinisome.

"Inanyweka," nikasema.

Sikutaka avimbe kichwa. Akavimba hivyo hivyo. Jioni ile akatuma sauti tatu Magomeni, kila mzee na yake, akiwaambia kwamba wanachokunywa pale ni maji ya kuoshea birika, na kama ni wanaume waje Jumapili waonje kahawa. Neno "wanaume" ndilo lililofanya kazi. Mzee Cherehani akajibu kwamba wanakuja, na safari hii hakuweka inshallah mpaka mwisho kabisa.

Walifika baada ya Adhuhuri na bajaji waliyoikodi Kimara. Mzee Haiwezekani alishuka wa mwisho, akaangalia kulia, akaangalia kushoto.

"Hii bado Dar, au tumeshaingia Morogoro bila kuaga watoto?"

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba, mjukuu. Umerefuka. Huku mnakula nini, nguzo?"

Babu alitoka na kanzu iliyopigwa pasi mpaka ina ncha. Wakakumbatiana, wakapigana migongo, wakaulizana hali za watu waliokwishakufa na waliobakia. Mama aliweka mkeka na mito barazani, tende na kashata kwenye sinia, halafu akaenda zake kwenye kikao cha kikoba kwa sababu ana akili. Babu akawaambia, "Kaeni, kaeni. Msiseme kitu mpaka mmeonja." Akaingia jikoni.

Na huko ndiko alikobaki.

Jikoni kwetu kumepakana na baraza, ukuta mmoja tu katikati, lakini ukuta hauna dirisha. Kutoka jikoni mpaka barazani unazunguka sebule nzima. Na mashine ile, pamoja na kupasuliwa na kufungwa mara zote zile, inatoa kikombe kimoja kwa wakati mmoja. Birika la kijiweni linamimina watu wanne kabla mtu hajamaliza tusi. Huku Babu anajaza unga, anakandamiza, anasubiri mlio, jirani anapita mbio na taulo, pampu inaunguruma, matone yanadondoka, anafuta, anasuuza, anasubiri joto lirudi. Kikombe kimoja. Chenyewe kikijaa hakijai.

Nikapeleka cha kwanza kwa Mzee wa Duka. Akanusa, akanywa, akafumba macho.

"Subhanallah," akasema. Akafumbua macho, akatazama ndani ya kikombe. "Hii ilikuwa ya kuonja. Yenyewe inakuja?"

Wenzake wawili wakanitazama mimi mikono yangu mitupu. Nikarudi jikoni. Babu alikuwa amenipa mgongo, ameinama kwenye mashine kama anayemsikiliza mtoto tumboni.

"Wanasemaje?"

Ukweli ni kwamba Mzee wa Duka alikuwa amesema, "Mwambie hii kahawa ina heshima yake." Nikaiona habari hiyo imepooza.

"Mzee wa Duka anasema kikombe chako kidogo kama roho yako."

Babu akacheka peke yake, mabega yakatikisika. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo tangu ashuke kwenye kirikuu. "Mwambie roho hii ndogo ndiyo iliyomwazima baiskeli, akairudisha imekunjika kama jambia."

Nikapeleka kikombe cha pili na baiskeli. Mzee Cherehani akaanza kucheka nilipofika kwenye "bai". Mzee wa Duka akakaa wima. "Baiskeli! Mwambie ile haikuwa baiskeli, ilikuwa adhabu. Mwambie breki zake zilikuwa ni miguu ya mwendeshaji!"

Hiyo niliipeleka kama ilivyo, kitu kizuri hakiongezwi. Nikarudi na jibu. Nikapeleka jibu la jibu. Nikamwambia Mzee Cherehani kwamba Babu anasema kanzu alizomshonea zina mkono mmoja mrefu, na kumbe ni kweli, walishagombana kuhusu hilo zamani, mie nilibahatisha tu. Maneno ya kwanza yalikuwa ya uongo, ya pili ya kweli, baada ya hapo hata mie sikujua.

Lakini hebu fikiria upuuzi wenyewe. Wazee wanne waliotukanana uso kwa uso umri wao wote wanatukanana kwa mjumbe, ukuta mmoja katikati, na mjumbe ni mie, ambaye nilikuwa na mtihani wa Bailojia. Na yote hiyo kwa sababu mmoja wao hawezi kuacha kipimajoto cha kuku peke yake. Mtu anapasua mashine miezi, anaunguza vidole, anarushwa na umeme ili arudishiwe marafiki. Wanakuja. Anawaweka nje, yeye anajifungia na mashine.

Halafu yakaja maneno yasiyobebeka. Wakaanza kumzungumzia mwenzao mmoja wa zamani aliyelazwa, sauti zikashuka. Kisha Mzee Haiwezekani akasema kitu na wote watatu wakaangua kicheko mpaka mito ikaanguka. Nyuma ya ukuta Babu akapaza sauti, "Mnacheka nini?" Wakati huo huo pampu ikaanza kunguruma. Jibu likafia humo humo. Akauliza tena, wao walishahama wako kwenye habari nyingine.

Nilipoingia jikoni hakuniuliza wanasemaje. Alikuwa anafuta kile kishikio alichokikata kwa msumeno, anafuta mahali palipokwishang'aa.

"Hebu waulize," akasema, "kama wataweza kuwa wanakuja kila Jumapili." Akafuta tena. "Usiseme nimekutuma. Uliza kama wewe."

Nikatoka. Kwenye mlango wa sebule nikasimama kupanga tusi la kulifungia lile swali, ili lisionekane linaomba. Nikawasikia.

"Tumefanya vizuri kuja," Mzee Cherehani alikuwa anasema. "Tumemsitiri mwenzetu."

"Mara moja inatosha," akasema Mzee wa Duka. "Goti langu huku halirudi."

"Na kuja kwenyewe tumekuja," akasema Mzee Haiwezekani, "yeye ndiyo hayupo."

Hakuna aliyembishia, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Nikarudi nilikotoka na swali langu halijaulizwa.

"Wanasemaje?" Babu akauliza.

"Wanasema toka nje."

"Namalizia cha Cherehani."

"Babu, toka nje."

"Kimoja tu hiki, kishafika tisini."

Alipotoka na kikombe chake mwenyewe mkononi, cha kwanza kwake siku ile, dereva wa bajaji alikuwa anapiga honi na wazee wamesimama wanakung'uta kanzu. Wakamsifia. Walimsifia sana, kwa heshima, kama unavyomsifia mama wa shughuli. Mzee wa Duka akasema kahawa kama ile aliinywa mara moja tu, safarini, na hakumbuki wapi. Babu akasimama na kikombe, anaangalia huyu, anaangalia yule, anatafuta pa kuingilia. Hakuna aliyemtukana.

"Tutakuja inshallah," wakasema.

Bajaji ilipopotea Babu akarudi jikoni, akaanza kusuuza vikombe. Akaniuliza kati ya kikombe cha kwanza na cha pili Mzee wa Duka alikipenda kipi zaidi. Hapo nikashindwa.

"Babu, wewe ni mzima kweli? Watu wametoka Magomeni kuja kukuona, wameona ukuta. Hata muuza kahawa wa kijiweni, anayetumia maji ya kuoshea birika, anawaangalia wateja wake usoni. Wewe umewapa mgongo kutwa nzima, tena hata mgongo wenyewe hawakuuona. Hawarudi. Nimewasikia kwa masikio yangu. Mzee Haiwezekani kasema hukuwepo."

Nilijua safari hii nimevuka hata mpaka wa utani, nikasogea karibu na mlango. Babu akakausha mikono. Akaugonga ukuta kwa kidole, mara huku, mara kule, anausikiliza.

"Hili tofali la inchi ngapi?" akauliza.

"Tofali gani?"

"Hili hapa. Mashine haina kosa. Kosa liko kwenye nyumba."

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Mama aliporudi kutoka kwenye kikao cha kikoba kilichofuata hakucheka. Alikuta nusu ya ukuta wake wa jikoni iko barazani, fundi majokofu ameshika nyundo, mweupe kwa vumbi kama andazi lililovingirishwa kwenye unga, na Babu anapima tundu kwa futi kamba.

"Baba! Nyumba yangu!"

"Dirisha, mwanangu. Jiko linataka hewa."

"Jiko lina madirisha mawili!"

"Hayo yanaangalia kuku."

Mama alinipiga mimi. Sijui kwa nini, ila nadhani alihitaji mtu.

Mashine ikahamishiwa kwenye tundu, uso wa Babu ukaangalia barazani, kiwiko chake kikakaa kwenye saruji mbichi kama mwenye duka. Akapiga picha, akatuma Magomeni. Mzee wa Duka akajibu kwa kidole gumba. Mzee Cherehani naye kidole gumba. Mzee Haiwezekani hakujibu kitu. Jumapili ikaja, Babu akawasha mashine, ikalia, jirani akapita na taulo. Babu akanywa kikombe chake akiwa dirishani, anaangalia mkeka mtupu. Jumapili nyingine hivyo hivyo.

Sasa mie huwa sivumilii mtu kukaa anasikitika mbele yangu kwa kitu cha kijinga. Alipokwenda kutawadha nikachukua simu yake, nikamtumia Mzee Haiwezekani sauti.

"Shikamoo Babu. Babu yangu anasema dirisha limefunguliwa, lakini wewe huwezi kuja kwa sababu ulishindwa kumjibu ya baiskeli. Anasema Magomeni hakuna mwanaume aliyebaki. Ni hayo tu, Babu."

Nikaifuta ili Babu asiione. Kwa huyo mwingine haikufutika.

Jumapili iliyofuata, hata Alasiri haijaadhiniwa, nikasikia bajaji inazima nje na mtu anashuka anabishana na dereva kuhusu kama ile ni barabara. Mzee Haiwezekani alipita moja kwa moja mpaka dirishani, fimbo mkononi, jasho limemtoka.

"Nani kasema nimeshindwa kujibu ya baiskeli?"

"Baiskeli haikuwa yako hata," akasema Babu. "Wewe inakuhusu nini?"

"Haikuwa yangu lakini nilikuwepo! Mie ndiye niliyekaa nyuma ilipopinda!"

"Haiwezekani. Wewe ulikuwa Tanga."

"Tanga? Mwaka ule?"

Babu alikuwa tayari anakandamiza unga. Macho hayakuwa kwenye unga, alikandamiza vibaya, nikaona kabisa kwamba itarusha. Nikasogea pembeni. Ikarusha, ikampata Mzee Haiwezekani kifuani, kwenye kanzu nyeupe aliyoshonewa na Mzee Cherehani, yenye mkono mmoja mrefu.

Wakatazamana.

"Umekuja kunywa au kugombana?" Babu akauliza.

"Kugombana," akasema Mzee Haiwezekani. Akavuta kiti, akakaa, akakigonga kile kizingiti cha saruji kwa fimbo. "Weka kikombe hapa."

Nikawaacha. Nilikuwa na Bailojia, na sura ya uzazi wa mimea ilikuwa na maana zaidi kuliko wao wawili. Lakini nilisomea chumba cha karibu na jikoni, mlango wazi, na sikuweza kufungua ukurasa wa pili, kwa sababu walishafika Tanga na sasa wanabishana nani alimpeleka mwenzie na kwa treni ya saa ngapi. Ile mashine ikalia tena. Kupitia uzio nikasikia mlango wa banda la kuku unafunguliwa kwa nguvu. Na Mama chumbani kwake, bila kutoka, anamuuliza Babu lini lile tundu litawekwa fremu, maana mbu wameanza kuingia.